Mambo ya kuzingatia kabla timu yenu haijashindana kwenye mvua na baridi

Kama timu yenu ya baiskeli ina mashindano Aprili au Julai huku nyanda za juu za Kenya, Limuru, Kinangop au Nyandarua, kaeni chini wiki moja kabla na mpange. Aprili kuna mvua ya masika, Julai kuna manyunyu na ukungu. Mvua mnaijua. Baridi ndiyo watu hawaiheshimu, na ndiyo iliyotuumiza sisi.

Baiskeli kwanza. Tairi lililolika mpaka nyuzi zinaonekana libaki nyumbani. Punguza upepo kidogo: anayejaza paundi 100 siku ya jua ajaze 85 au 90. Chomoa mchanga na vipande vya chuma vilivyonasa kwenye raba za breki. Cheni ipakwe mafuta mazito, maana mepesi yanasafishwa na maji kabla hujafika popote. Miwani iwe ya kioo cheupe. Taa nyekundu nyuma, na hilo halina mjadala.

Breki zinataka mpango wa timu nzima. Breki inayobana rimu, yaani ukingo wa gurudumu, ikilowa, gurudumu huzunguka mara kadhaa likifuta maji tu, mwendo haujapungua. Breki ya diski, inayobana sahani ya chuma katikati ya gurudumu, inashika mapema zaidi. Kwa hiyo mwenye diski asikae mbele kabisa ya mwenye rimu kwenye mteremko. Siku atakayobana ghafla, mwenzake atamgonga. Pangeni foleni yenu mkijua nani ana nini. Na ule mwanya wa nusu mita mliouzoea, fanyeni urefu wa baiskeli nzima. Ishara za mkono sahauni, mikono yote miwili inahitajika kwenye usukani. Tumieni sauti, neno moja: "Shimo!" "Lori!" Kila mmoja alirudie mpaka limfikie wa mwisho.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu oili ya malori inapanda juu ya lami. Mistari myeupe, reli na vifuniko vya chuma, pita juu yake ukiwa umenyooka, bila breki.

Sasa baridi. Hapa nitakaa.

Tulikuwa wanne kwenye mashindano ya timu, muda wetu unahesabiwa wa tatu akivuka mstari wa kumaliza. Julai, asubuhi. Tulipanda mpaka Limuru tukitoka jasho, makoti tukayaacha kwenye pikapu kwa sababu mwili ulikuwa umepata moto. Tukashika mteremko wa kwenda Mai Mahiu, ile barabara ya zamani yenye kanisa dogo la Waitaliano chini. Ukungu ulikuwa umefunga, na pikapu ikabaki nyuma ya malori. Nguo zote kavu zilikuwa humo.

Mdogo wetu wa miaka 19 alikuwa wa tatu, mimi nyuma yake. Nilimwona anatetemeka mabega. Nikamuuliza, "Uko sawa?" Akasema yuko sawa. Nikauliza tena, jibu lile lile. Baadaye akaacha kutetemeka, nami nikafurahi, nikadhani amepata joto. Nilipaswa kuona kwamba alikuwa anabadilisha gia kwa kusukuma na kiganja kizima. Kwenye kona iliyofuata vidole vyake vilikuwa juu ya breki, lakini havikubana. Alienda moja kwa moja mtaroni. Mtulinga ukavunjika.

Tulipomfikia alikuwa anaongea kama mlevi, na hakuweza kufungua kofia yake mwenyewe. Hatukuwa na kitu chochote kikavu cha kumfunika. Mzee mmoja anayeuza ngozi za kondoo pale barabarani alikuja mbio na ngozi mbili. Sisi tukataka kumfunika hivyo hivyo. Mzee akatukemea: "Mvueni kwanza hizo nguo zilizolowa!" Tukamvua, tukamviringisha ndani ya manyoya, tukamkalisha mahali pasipo na upepo mpaka gari lilipofika.

Kwa hiyo: kila mtu abebe koti lake mgongoni, na alivae kabla ya kufika kileleni, angali ana joto. Glavu za mpira za daktari ndani ya glavu za kawaida. Gazeti kifuani chini ya jezi. Msiulizane "uko sawa?" Mwambie mwenzako ahesabu kurudi nyuma kutoka 20, au abadilishe gia ukimwangalia vidole. Na kubalianeni neno moja la kusimama. Yeyote akilisema, wote wanasimama, hata kama mnaongoza.

Msidhani ni mambo ya wanaoanza. Tarehe 5 Juni 1988, Giro d'Italia, mashindano ya baiskeli ya siku nyingi ya kuzunguka Italia, yalivuka mlima wa Gavia, zaidi ya mita 2,600, kwenye theluji. Viongozi wa timu ya 7-Eleven walikuwa wamenunua nguo za baridi asubuhi ile, wakawapa vijana wao huko juu pamoja na chai ya moto. Andy Hampsten wa timu hiyo alimaliza wa pili siku ile, akachukua jezi ya waridi ya anayeongoza, na mwishowe akawa Mmarekani wa kwanza kushinda Giro.

Chakula kifunguliwe kabla ya kuanza, ndizi imenywe na mandazi yakatwe, kwa sababu vidole vya baridi havifungui kitu, na mwili unaotetemeka unakula akiba yake haraka. Gari la pili liwe limetangulia kwenye mstari wa kumaliza, na blanketi, chupa ya chai na nguo kavu zenye jina la kila mtu. Mkivuka, vueni zilizolowa hapo hapo. Picha na matokeo baadaye. Jueni hospitali iliyo karibu na nani ataendesha. Simu ziwe na chaji. Ngurumo zikianza, tokeni chini ya miti, ingieni garini. Ukungu ukizidi mpaka hamwoni taa za lori linalokuja, shukeni kwenye baiskeli, tokeni kabisa kwenye lami na msubiri.