Kupima oksijeni ya dhoruba kwa data za Van Allen Probes

Tutumie dhoruba ya sumaku ya 17 Machi 2015. Kipimo cha Dst, kinachoonyesha ukali wa dhoruba, kilishuka chini ya nT (nanotesla) −200, na Van Allen Probes, setilaiti pacha za NASA zilizorushwa Agosti 2012, zilikuwa zikikatiza mikanda ya mionzi. Tunaitafuta O⁺, yaani oksijeni iliyopoteza elektroni moja tu. Ile ya upepo wa jua huwa imepoteza nyingi zaidi, kwa hiyo ukiiona O⁺ ujue imepanda kutoka ionosfia ya Dunia, tabaka la juu la hewa lenye chaji.

Hatua ya 1. Ingia CDAWeb, tovuti ya data za NASA, pakua bure faili za kiwango cha 3 za HOPE, kifaa cha setilaiti hizo kinachohesabu ioni, tarehe 16 hadi 18, ili uone na hali ya kabla. Ukiwa na Python, maktaba ya cdflib inazifungua.

Hatua ya 2. Toa FPDO (protoni), FODO (oksijeni) na HOPE_ENERGY_Ion (nishati ya kila chaneli). Kila −1e31 ni pengo, si kipimo. Igeuze iwe NaN (alama ya “si namba”).

Hatua ya 3. Chora spektrogramu mbili (muda mlalo, nishati wima, rangi ni mtiririko), moja ya protoni na moja ya oksijeni, kwa mizani moja ya rangi. Ukiona mstari wima uliokolea kwenye chaneli zote kwa pamoja, utilie shaka: mara nyingi ni elektroni kali zilizopenya kuta za kifaa. Wengi huona protoni zimekolea zaidi, wakaandika kwamba oksijeni ni haba. Bado mapema.

Hatua ya 4. Hapa ndipo penye kazi. Kifaa huhesabu ioni zinazoingia mlangoni, na O⁺ ina uzito mara 16 ya protoni. Kwenye keV 10 protoni hukimbia takriban kilomita 1,380 kwa sekunde, O⁺ kama 350. Basi mtiririko ukilingana, oksijeni iliyopo nje ni mara 4. Kwa kila chaneli piga n = 4π × J × ΔE ÷ v (n ni msongamano, J mtiririko, ΔE upana wa chaneli, v kasi ya ioni), kisha jumlisha. Angalia vizio: J imeandikwa kwa keV, nishati kwa eV, v iwe sentimita kwa sekunde.

Hatua ya 5. Chaji ya setilaiti yenyewe huvuruga ioni baridi. Mimi hukata kila kilicho chini ya eV 30, na huiandika wazi kwenye grafu.

Hatua ya 6. Gawa msongamano wa O⁺ kwa wa protoni, uchore dhidi ya L (umbali wa mstari wa sumaku kwenye ikweta, kwa nusukipenyo za Dunia). Tenganisha kwenda na kurudi: katika mzunguko wa saa 9 setilaiti hupita L ileile mara mbili, ila upande tofauti wa Dunia.