Namna ya Kuandika Uchaguzi wa Kubuni: Chile, Septemba 1958

Waandishi wengi wa historia mbadala ya Chile, yaani hadithi zinazouliza ingekuwaje kama tukio fulani lingekwenda vingine, hukimbilia uchaguzi wa 1970 uliomleta Salvador Allende madarakani au mapinduzi ya 1973 yaliyomwondoa, pengine kwa kuwa matukio hayo yanajulikana zaidi. Anayetaka kujifunza kazi hii vizuri na aanzie uchaguzi wa urais wa tarehe 4 Septemba 1958, kwa kuwa hapo matokeo yanaweza kugeuka bila kumuua mtu yeyote, bila kuzua kashfa, na bila kugusa kifungu hata kimoja cha sheria.

Kwanza weka mbele yako hesabu halisi, kwani ndiyo itakayokuzuia usiandike unavyopenda. Jorge Alessandri, mgombea wa mrengo wa kulia, alipata kura 389,909, na Salvador Allende wa muungano wa kisoshalisti na kikomunisti akapata 356,493. Nyuma yao walikuwa Eduardo Frei wa Christian Democrats na Luis Bossay wa chama cha Radical. Wa mwisho alikuwa Antonio Zamorano, padri wa zamani wa Catapilco aliyekuwa mbunge, ambaye aliwavutia maskini wa mashambani na kupata kura 41,304. Alessandri alimshinda Allende kwa kura 33,416 tu. Kwa maneno mengine, padri huyu aliyeshika mkia alikuwa na kura nyingi kuliko pengo lililowatenganisha wawili wa juu.

Njia panda yako basi ni hii: Zamorano hagombei. Hata hivyo, usimpe Allende kura zake zote kana kwamba ni urithi. Ili ashinde, Allende angehitaji takriban kura 81 katika kila 100 za padri huyo, ikiwa nyingine zote zingepotea bila kumwendea Alessandri. Hicho ni kiwango kikubwa, na msomaji makini atakiuliza. Dai lililozoeleka kwamba kura za Zamorano ndizo zilizomnyima Allende urais linaweza kutetewa, lakini si la hakika, na kwa maoni yangu simulizi hupata uzito pale mwandishi anapouonyesha wasiwasi huo badala ya kuuficha. Unaweza, kwa mfano, kumfanya Zamorano ajitoe mapema na kumnadi Allende yeye mwenyewe vijijini, halafu ukaongeza wapiga kura wachache wa Bossay wanaohamia kushoto. Kumbuka kwamba kura inayotoka kwa Alessandri kwenda kwa Allende hupunguza pengo kwa mbili, na inayotoka kwa mgombea mwingine hulipunguza kwa moja.

Ukishapata jumla ya taifa, igawanye. Nchini Chile wanaume na wanawake walipiga kura kwenye meza tofauti na kuhesabiwa mbali mbali, na wanawake walikuwa wameanza kushiriki uchaguzi wa rais mwaka 1952 tu. Katika 1958 halisi, Allende aliongoza miongoni mwa wanaume, na Alessandri akaokolewa na wanawake. Matokeo ya kubuni yasiyo na mgawanyo huo yataonekana bandia mara moja. Vilevile usiwaingize wasiojua kusoma na kuandika, kwa maana hawakuruhusiwa kupiga kura, jambo lililowaacha nje vibarua wengi wa mashamba makubwa. Mageuzi ya 1958 yaliyoleta karatasi moja ya kura iliyochapishwa na serikali yabaki kama yalivyo: kabla yake vyama vilichapisha karatasi zake, na mwenye shamba aliweza kumkabidhi mfanyakazi wake iliyokwisha kuchaguliwa.

Sasa fikia sehemu ambayo wengi huiruka. Allende wako ameongoza kwa theluthi moja hivi ya kura, na kwa Katiba ya 1925 hilo halimfanyi rais. Asipopatikana mwenye zaidi ya nusu, maseneta na wabunge huketi pamoja na kuchagua kati ya wawili wa kwanza. Desturi ilikuwa kumthibitisha aliyeongoza, kama ilivyofanyika kwa Gabriel González Videla mwaka 1946 na kwa Carlos Ibáñez mwaka 1952. Lakini desturi si sheria, na mwaka 1946 González Videla, ili apate kura za bunge, aliishia na baraza la mawaziri lililowaweka Waliberali pamoja na Wakomunisti. Andika majuma hayo ya Septemba na Oktoba kwa kirefu. Radical wataomba nini? Watu wa Frei watadai dhamana gani kuhusu Wakomunisti, ambao ndiyo kwanza mwaka huo chama chao kilirudishiwa uhalali? Humo ndimo riwaya yako ilimo. Usiku wa kuhesabu kura ni utangulizi tu.

Akiapishwa Novemba 3, Allende anakuwa rais miezi miwili kabla dikteta Fulgencio Batista hajaikimbia Cuba na kumwachia nchi Fidel Castro na wanamapinduzi wake. Washington ya Rais Eisenhower itamtazama bila kuwa na Havana ya Castro kama kipimo, kwa hiyo usiipe hofu ambayo bado haijazaliwa. Makampuni ya Marekani yenye migodi ya shaba yatahangaika, ila bunge ambalo hana wingi ndani yake litambana Allende kabla yao. Mambo yasiyotegemea siasa yaache mahali pake: tetemeko la Valdivia la Mei 22, 1960, lenye ukubwa wa 9.5, litatokea rais awe nani, na fedha za kujenga upya kusini zitapaswa kutoka mahali fulani. Uchaguzi wa bunge wa Machi 1961 ndio utakaokuambia kama wananchi wameridhika. Mwaka 1964, muhula wake ukiisha, kwa kuwa katiba haikumruhusu rais kugombea tena mfululizo, itakubidi uandae orodha mpya ya wagombea, na Frei awe wa kwanza kufikiriwa.