Namna ya Kubuni Lugha ya Modeli kwa Mikopo ya SACCO

Mtayarishaji wa programu anayehudumia SACCO, yaani vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, za Mbale, Masaka na Arua nchini Uganda hujikuta akinakili msimbo wa chama kimoja na kuurekebisha kwa ajili ya kingine, kwa kuwa kila chama kina masharti yake ya mikopo. Kazi hiyo hupungua sana akibuni lugha ndogo ya modeli, yaani lugha ya kueleza mfumo kwa ufupi kabla ya kuujenga, inayohusu mikopo tu, ambayo kwayo kila chama kitaeleza masharti yake na msimbo kuzalishwa kutokana na maelezo hayo. UML, lugha ya michoro ya kueleza mifumo ya kompyuta iliyopitishwa na shirika la viwango la Object Management Group mwaka 1997, imekusudiwa kueleza mfumo wa aina yoyote, na kwa sababu hiyo haijui riba wala mdhamini.

Anza na maneno ya wenye kazi. Keti na afisa mikopo na mweka hazina, daftari la mikopo likiwa mezani, uandike kila neno wanalotumia na uulize maana yake hata pale unapodhani unaijua. Chukua mkopo wa shilingi 1,000,000 unaolipwa kwa miezi 12, kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka. Riba ikikokotolewa juu ya kiasi cha awali, mwanachama atalipa riba ya shilingi 120,000. Ikikokotolewa kila mwezi juu ya salio, huku mkopo wenyewe ukirejeshwa kwa mafungu sawa, atalipa 65,000. Lugha inayomruhusu mtu kuandika riba bila kutaja njia ya kuikokotoa ni lugha mbovu, hata michoro yake ikipendeza namna gani.

Maneno hayo ndiyo yanayozaa metamodeli, yaani maelezo ya vitu vinavyoruhusiwa katika modeli, uhusiano wake na mipaka yake. Hapa wanaoanza hukosea mara nyingi: humwingiza mwanachama na mkopo wake katika modeli, ilhali hizo ni data za programu itakayozalishwa. Kilicho cha modeli ni aina ya mkopo, kwa mfano:

mkopo Kilimo
riba 12% kwa mwaka juu ya salio
muda hadi miezi 12
kikomo akiba mara 3
wadhamini 2

Ukiandika kanuni kwamba kila aina ya mkopo lazima itaje njia ya riba, kihariri kitaikataa modeli yenye upungufu kabla msimbo haujazalishwa. Kwa lugha ya maandishi kama hii, Xtext, zana ya kutengenezea lugha za namna hiyo, inafaa. Kwa lugha ya michoro, ipo zana ya MetaEdit+ kutoka Ufini. Mimi huanza na maandishi, kwa sababu mabadiliko yake hulinganishwa kwa urahisi katika Git, programu ya kutunza matoleo ya faili.

Kabla ya kuandika kizalishaji, yaani programu inayogeuza modeli kuwa msimbo, andika kwa mkono programu kamili ya aina moja ya mkopo, uijaribu kwa hesabu za daftari hadi zilingane, ndipo uigeuze kuwa kiolezo. Msimbo uliozalishwa usiguswe kwa mkono, kwani uzalishaji unaofuata utafuta marekebisho yako. Yanayohitaji mkono yakae katika faili lake.

Hatimaye, chapisha modeli yenye kosa moja la makusudi, umpe afisa mikopo bila maelezo. Asipoliona, rudi kwenye maneno.