Madaktari wa Kusini mnaokuja Uingereza, angalieni majina kabla ya kununua vitabu

Dokta kijana yupo hospitali ya Ligula au Ndanda, ananiandikia asome kitabu gani cha PLAB, ule mtihani wa sehemu mbili wa madaktari waliosomea nje wanaotaka kusajiliwa Uingereza. Mdogo wangu, kitabu baadaye. Kwanza toa cheti cha kuzaliwa, cha fomu foo, digrii, usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika na pasipoti, panga mezani usome jina herufi kwa herufi. Sisi wa Mtwara na Lindi majina yetu kaandika mwalimu wa darasa la kwanza kama alivyosikia, huku Saidi huku Said, pale Hamisi kule Khamis, cheti hiki kina jina la babu kile hakina. Nyumbani unakwenda kwa wakili unaapa, yameisha. Huku hayaishi.

Mimi jina la baba kwenye digrii lina "i" mwishoni, pasipoti haina. Herufi moja tu, na mitihani yote nimeshafaulu. GMC, wanaosajili madaktari huku, hawachukui digrii mkononi mwako, lazima ithibitishwe kupitia EPIC, huduma ya kuhakiki vyeti vya madaktari, na EPIC wanaandikiana na chuo chako wenyewe. Jina likipishana unasimamishwa. Kiapo cha wakili hakikunisaidia, kilichonitoa ni barua ya chuo inayosema hayo majina mawili ni ya mtu mmoja, na barua yenyewe ilikaa mezani kwa mtu wee, leo mhusika kasafiri, kesho faili halionekani, simu inaita tu. Huku nangoja, cheti cha Baraza kinachosema sina kesi ya kitaaluma kikaisha muda, maana kinakubalika miezi 3 tu tangu kitolewe, ikabidi niombe upya na kulipa upya. Kwa hiyo nasema tena, majina! EPIC haingoji ufaulu mtihani, ianze mapema hata kabla hujalipia PLAB 1.

Na nyie wazazi wetu, wajomba, mama wadogo, shikamooni. Najua mnatupenda, ila habari za "pale chuoni tuna kijana wetu, mpe ya soda agonge muhuri" ziacheni. Jibu linatoka chuoni linakwenda EPIC, halipiti kwa mjomba, na karatasi ya kufoji ikigundulika huku wanahoji uaminifu wako kama daktari, leseni unaweza usiione kabisa. Tena minada ya korosho ikianza Oktoba wanajitokeza watu wanaojiita maajenti, wanajua familia imeshika hela, wanaahidi njia ya mkato. Hakuna njia ya mkato. Hela ya korosho isiende huko.

Mengine ni ya kawaida. Kiingereza ni IELTS 7.5 kwa jumla na kila kipengele kisipungue 7, au OET daraja B kote. PLAB 1 ni maswali 180 kwa saa 3, fanya maswali mengi kila siku. PLAB 2 ni ya vitendo, inafanyika Manchester peke yake, unapita vituo 16, kila kimoja na mgonjwa wa kuigiza au kazi yake, dakika 8 kila kimoja.

Hiyo ya pili ndiyo inawaangusha wazuri. Ligula foleni imefika nje, unamwambia bibi meza hizi asubuhi na jioni, anashukuru anaondoka. Huku usipomuuliza mgonjwa anahofia nini na mwenyewe anataka nini, maksi zinakwenda, na akikataa dawa ni haki yake. Hapo Waingereza wametuzidi, natamani tulibebe hilo mpaka hospitali ya Nyangao. Lakini watu haohao, mzee wa miaka themanini amelala wodini hana hata mtoto mmoja wa kumletea uji, mimi hilo sijalizoea na sitaki kulizoea.

Sasa kama jina lako linapishana, shughulika nalo ukiwa bado Tanzania, unaweza kwenda chuoni kwa miguu yako ukakaa mlangoni. Omba barua iwe na majina yote mawili yalivyo kwenye digrii na kwenye pasipoti, tarehe ya kuhitimu, muhuri na sahihi, isome hapohapo kabla hujatoka ofisini, maana hata barua ya kurekebisha jina inaweza kukosewa jina. Cheti cha Baraza kiombe mwisho kabisa, EPIC ikishajibu.