Kumtambua buibui mla mbu kwenye kuta za Mbita

Wengi wetu hapa Mbita, Kenya, tukiona buibui ukutani hushika ufagio. Naomba mshike kwanza kioo cha kukuzia. Huenda huyo ni Evarcha culicivora, anayeishi kandokando ya Ziwa Victoria, Kenya na Uganda, na chakula anachokipenda kuliko vyote ni mbu jike aliyeshiba damu.

Anza na macho. Buibui warukao, familia ya Salticidae, wana macho manane, na yale mawili ya mbele katikati ni makubwa mno. Msogelee polepole, atageuka akutazame. Hatandi utando wa kunasia. Hunyemelea na kuruka, uzi wa hariri ukimfuata nyuma. Asipokuwa na macho hayo, si wa familia hii.

Ila warukao ni wengi, na hapa ndipo watu hukosea. Plexippus paykulli, ambaye pia hupenda nyumba, ni mkubwa zaidi, na dume lake lina mistari myeusi na myeupe iliyokolea. Menemerus bivittatus ni bapa, wa kijivu, kama aliyebandikwa ukutani. Wetu ni mdogo, milimita 3 hadi 7 hivi, na ukimwangalia kutoka juu utaona rangi ya hudhurungi tu. Kwa hiyo usimwangalie kutoka juu. Inama mpaka mtazamane. Akiwa amekomaa, uso una wekundu, na kwa dume huwa umekolea zaidi.

Mtafute kwenye kuta za nyumba na mashina ya miti. Asipowinda hujificha chini kwenye nyasi. Kagua pia lantana na mbarika, maana harufu ya mimea hiyo humvuta. Humvuta pia harufu ya binadamu: utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulitumia soksi zilizovaliwa, na buibui walizifuata. Ukibahatika kumwona mtoto wake akimwinda Anopheles, mbu aenezaye malaria, usibanduke. Mbu huyo hutua ameinua tumbo, na buibui mdogo huzunguka hadi nyuma, akapita chini ya tumbo hilo ndipo ashambulie. Mimi naona tabia hii ni ushahidi mzuri kuliko rangi.

Hata hivyo, uso mwekundu hautoshi kuandika jina kwenye daftari la kisayansi. Wataalamu wa buibui Wanda Wesołowska na Robert Jackson walipomwelezea kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 2003, kwa vielelezo vya hapa Mbita, walimweka katika jenasi ya Evarcha, ambayo ina spishi nyingi Afrika, Asia na Ulaya. Kinachozitenganisha ni viungo vya uzazi: kwa dume, ncha za vipapasio viwili vya mbele ya mdomo, kwa jike, bamba gumu chini ya tumbo. Vyote vinahitaji hadubini na buibui aliyekomaa. Dume ambaye vipapasio vyake vimevimba lakini bado ni laini hajakomaa. Mwache aende zake.

Ukilazimika kuchukua kielelezo, chukua mmoja tu. Mpige picha ya uso akiwa hai, kwani rangi hufifia ndani ya spiriti ya kumhifadhia. Kisha tia chupani kipande cha karatasi chenye mahali, tarehe na alipokutwa, ukutani au kwenye nyasi. Andika kwa penseli, maana wino wa kalamu huyeyuka.