SOMO: Kuamsha seli za kinga kwa LPS, na kwa nini tyubu yako isiyotiwa LPS inatoa TNF

Wakuu, swali hili nimelijibu PM mpaka nimechoka. Naliweka hapa.

LPS (lipopolisakaridi, ambayo pia huitwa endotoksini) hutoka kwenye utando wa nje wa bakteria kama E. coli. Katika damu, protini iitwayo LBP huidaka na kuikabidhi CD14, protini iliyo juu ya monosaiti (aina ya seli nyeupe za damu), nayo huipeleka kwa kipokezi TLR4 kilichoshikana na protini MD-2. Hapo seli huanza kumwaga TNF, protini inayochochea uvimbe.

1. Toa damu kwenye tyubu ya heparini, kifuniko cha kijani.

2. Changanya na RPMI (maji ya lishe ya seli), moja kwa nne.

3. Vyombo na maji visiwe na LPS. Hapa nilipoteza miezi miwili. Tyubu ya kulinganishia, ambayo sikuitia LPS, ilitoa TNF karibu sawa na yenye LPS. Nikayarudisha maji kwenye otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke), 121°C, hali ikawa ileile. Otoklevu inaua bakteria, lakini LPS ya maiti zao inabaki palepale! Vyombo vya kioo vipike kwenye oveni kavu, 250°C, dakika 30. Maji na plastiki nunua vilivyopimwa endotoksini. USIAMINI neno "safi" kwenye lebo. Safi na bila endotoksini ni vitu viwili.

4. Tikisa LPS kwa nguvu kabla ya kuchota, hung'ang'ania tyubu. Nanogramu 10 kwa mililita zinatosha.

5. Weka kwenye 37°C. TNF vuna baada ya saa 4 hadi 6, IL-10 (protini inayotuliza uvimbe) baada ya 24.

6. Zungusha kwenye sentrifuji, chukua maji ya juu, pima kwa ELISA (kipimo cha protini kinachotumia kingamwili).

MASWALI

— Mkuu, nimetumia tyubu ya zambarau, TNF ndogo mno. Tatizo?
— Hatua ya 1. Zambarau ina EDTA, inakamata kalsiamu.

— Maji nikiyapitisha otoklevu mara mbili je?
— Hapana. Soma hatua ya 3.
— Sisi miaka yote tunafanya hivyo.
— Weka tyubu ya kulinganishia, kisha ulete namba.

— Nimeosha seli, nikaziweka kwenye RPMI bila seramu. LPS ileile, TNF imeporomoka. Ni LBP?
— Umeona vizuri sana. LBP iko kwenye seramu. Ukiiosha, dozi ndogo haifiki CD14 ipasavyo. Rudisha seramu ya binadamu kidogo, ulinganishe. Ukiweza, ongeza tyubu yenye polimiksini B, ambayo huifunga LPS. TNF ikibaki juu, shuku lipoproteini za bakteria, zinapitia kipokezi kingine, TLR2.

— Ndiyo maana panya wa C3H/HeJ (ukoo wa panya wa maabara) hawaitikii LPS?
— Wao LBP wanayo, hitilafu iko kwenye jeni ya TLR4. Kundi la Bruce Beutler liliionyesha 1998, naye akapata Nobel 2011.

— Nyongeza: gawanyeni LPS kidogo kidogo kabla ya kugandisha. Kuyeyusha chupa ileile kila wiki kumeniharibia mengi.
— Asante dada, naiingiza hatua ya 4.