Kuchagua maiki ya mkononi ya kuimbia laivu: anza na spika zilipokaa

Wadau, hii ni kwa waimbaji, viongozi wa kwaya, ma-MC na yeyote anayetaka kununua maiki yake mwenyewe aachane na zile za kukodi ambazo zimeshikwa na kila mtu toka Sakina mpaka Usa River. Mimi ni fundi mitambo, nafunga saundi Arusha na Moshi, harusi, send-off, kipaimara, mikutano ya injili, bendi za baa, na swali naloulizwa kila wikiendi ni "fundi, maiki gani nzuri?" Mimi huwa nauliza kwanza, unaimbia wapi na spika zinakaa wapi? Mana kwa kumbi zetu na maturubai yetu maiki nzuri ni ile inayokuachia upandishe sauti bila kuanza kulia, yani ile filimbi kali ya maiki kudaka sauti ya spika, na ili hilo litokee lazima ujue maiki yako inakataa kusikia upande gani. Kila mtu anaangalia inavyosikia mbele. Mbele zote zinasikia.

Hatua ya 1: Hakikisha dainamiki ndo unayoitaka

Dainamiki ina kiwambo chembamba kimegundishwa kwenye koili ya waya ambayo inacheza ndani ya sumaku, ukiimba kiwambo kinatikisika, koili inatikisika, umeme mdogo unazaliwa, basi. Haitaki betri wala ule umeme wa volti 48 wa kwenye miksa. Inavumilia kudondoka, inavumilia mtu anayepiga kelele, na vitu vya mbali haividaki sana kama kondensa, aina ya pili ya maiki ambayo ndo inataka ule umeme. Kondensa ni tamu studio, ila jukwaa dogo lenye drams nyuma yako na besi ubavuni itakuletea vyote hivyo ndani ya sauti yako. Kama unaimba chini ya turubai, vumbi la kiangazi, masika, umeme wa jenereta, chukua dainamiki tusonge mbele.

Hatua ya 2: Chora jukwaa lako

Chukua karatasi kweli, usichore kichwani. Weka mwimbaji, weka spika kubwa, weka monita kama ipo (spika inayomwangalia mwimbaji ili ajisikie), weka drams, alafu chora mshale kutoka kila spika kwenda kwenye maiki uone sauti inaiingilia upande gani.

Nikupe picha ya kipaimara cha Kibosho, wenyeji wa huko mtaijua. Yadi ya nyumbani, migomba pembeni, maturubai matatu, meza kuu imepambwa vizuri, na spika mbili juu ya stendi zimewekwa mgongoni mwa meza kuu kwasababu ndo upande wenye soketi. MC anasimama mbele ya meza kuu anawageukia wageni. Sasa angalia, maiki imeuelekea mdomo wake, na nyuma ya kichwa chake kuna spika mbili zinaangalia hukohuko anakoangalia yeye, yani uso wa maiki unatazamana na spika na kinachozuia ni kichwa cha MC tu. Akiinama kidogo kumsalimia bibi wa mtoto, kichwa kinatoka njiani, maiki inapiga filimbi mpaka watu wanaziba masikio. Wanasema maiki mbovu. Maiki haina kosa, hapo hata ungempa ya bei gani ingelia tu. Dawa ni ekstensheni ndefu, spika zisogee mbele ya MC, pembeni kushoto na kulia, ziangalie wageni, yeye abaki nyuma ya spika. Fanya hivi kabla hujatoa hela yoyote, kuna watu nimewapangia spika tu na wakaacha kabisa habari ya kununua maiki mpya.

Hatua ya 3: Chagua patani

Hii ndo hatua yenyewe, soma taratibu. Patani ni ramani ya pande ambazo maiki inasikia na pande inazokataa. Maiki ichukulie kama tochi, pale mwanga unapofika ndipo inaposikia. Kwa maiki za kuimbia utakutana na tochi tatu.

Kadioidi inasikia mbele kwa upana mzuri, ubavuni kabisa, yani nyuzi 90, inapungua desibeli 6 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na nyuma kabisa, nyuzi 180, ndo kiziwi. Shure SM58 ni hii, Sennheiser e835 ni hii, hata Behringer XM8500 ya bei rahisi ni hii.

Supakadioidi ni nyembamba zaidi, ubavuni inapungua karibu desibeli 9, ila nyuma kabisa inafungua kidirisha kidogo, inasikia kiasi. Sehemu yake ya uziwi iko kama nyuzi 126 kutoka mbele, yani nyuma kwa pembeni, kushoto na kulia. Shure Beta 58A, Sennheiser e945, AKG D5 ziko kundi hili. Haipakadioidi kama Audix OM5 na OM7 ni nyembamba kupita zote, ubavuni desibeli 12 zinaondoka, uziwi uko nyuzi 110 hivi, na kile kidirisha cha nyuma kinakuwa kikubwa zaidi.

Sasa rudi kwenye karatasi yako. Kama una monita moja sakafuni mbele ya mwimbaji inamwangalia usoni, mkia wa maiki ndo unaitazama monita, hapo kadioidi inakaa vizuri kabisa. Ukiweka supakadioidi hapohapo alafu monita ukaiacha katikati, kile kidirisha cha nyuma kinaidaka, na mtu anashangaa mbona nimenunua maiki ya gharama na inalia kuliko ile ya zamani. Supakadioidi inataka monita mbili, moja kushoto moja kulia, zimkabili kwa pembeni. Ukizipanga hivyo utapandisha sauti mpaka ushangae. Alafu kama mpiga drams yuko ubavuni kwako, jukwaa la baa lile finyu ambalo saimbo, ile sahani ya drams, iko mita moja na sikio lako, supakadioidi inakusaidia sana.

Ila kuna gharama yake na watu wa kwaya nisikilizeni hapa. Tochi nyembamba inataka mdomo ukae katikati. Kwaya zetu nyingi watu watatu mpaka wanne wanagawana maiki moja, alto wote wamekusanyika pale, ukiwapa supakadioidi aliyesimama katikati atasikika na wa pembeni watapotea, ibada nzima unahangaika na gaini, kile kitufe cha miksa cha kukuza sauti ya maiki. Wanaogawana maiki wape kadioidi. Soloisti anayeshika yake peke yake, ana mkono uliotulia, mpe supa. MC anayezungusha maiki huku anaongea na mikono, mpe kadioidi, tena usibishane nae.

Na wote mnaofumba wavu wa maiki kwa kiganja kama wana hiphopu, acheni. Ile patani inatengenezwa na matundu ya nyuma ya kepsuli, kile kifaa cha ndani ya wavu kinachodaka sauti, hewa ikiingia kwa nyuma ndo maiki inajua kukataa sauti ya nyuma, ukiziba matundu inaanza kusikia pande zote na sauti yako inakuwa ya puani. Shika kwenye mwili wa maiki, chini ya wavu.

Hatua ya 4: Isikilizishe sauti yako wewe

Mwanamke mwenye sauti kali ya juu akichukua maiki iliyoinuliwa trebo, zile "s" zinakata masikio. Mwanaume mwenye besi nzito akichukua maiki inayojaza chini, maneno hayasikiki, ni mvumo tu, na kwenye ukumbi wa bati ndo balaa zaidi. Kila maiki ina rangi yake na hakuna mtu wa kukuambia ipi yako mpaka uimbe.

Kumbuka pia ukisogea karibu kabisa besi inaongezeka, kadioidi na nyembamba zake zote zinafanya hivyo. Sauti nyembamba inanufaika, ibusu maiki. Sauti nzito rudi vidole viwili vitatu. Ila usirudi sana, mana kila ukizidisha umbali mara mbili unapoteza desibeli kama 6, kutoka sentimita 5 mpaka 20 umeshapoteza 12, fundi itabidi apandishe gaini na gaini ikipanda maiki inaanza kulia.

Ukilinganisha maiki mbili, sawazisha kwanza gaini zilingane kwa sikio. Beta 58A kwa mfano inatoa kama desibeli 3 zaidi ya SM58 kwa sauti ileile, ukiichomeka tu bila kugusa gaini utasema ndo nzuri zaidi kumbe ni kubwa zaidi. Na sikiliza kupitia spika ya ukumbini, siyo hedifoni, iyo spika ndo utaimbia.

Namba za kwenye boksi zisikutishe. Kuna maiki za bei ya chini zimeandikwa 20 mpaka 20,000 hezi, yani kutoka sauti nzito mpaka nyembamba inazodaka, wakati SM58 inasema 50 mpaka 15,000 na toka 1966 majukwaa ya dunia hayajaiacha.

Hatua ya 5: Dukani, usipigwe

Maiki zinazogushiwa sana ni zenye jina, na SM58 ndo inaongoza. Kwanza tumia akili ya bei, hii maiki Marekani kwa miaka mingi imeuzwa karibu dola 100, ongeza usafiri, ongeza ushuru, ongeza faida ya mwenye duka. Ukikuta mtu mjini hapa anakuuzia "orijino mpya" kwa robo ya iyo hela, iyo siyo ofa.

Pili, ipime. SM58 ina gramu 298, bila waya. Nenda na mizani ndogo ya jikoni ya kidijitali, hakuna aibu, wauzaji waaminifu wanakuachia. Uzito ukipita kwenye uzani haimaanishi ni orijino, ila ikiwa nyepesi sana rudisha palepale. Fungua wavu kwa kuuzungusha, uzi wa skrubu unatakiwa uteleze bila kukwaruza, ndani ya wavu kuna sponji.

Tatu, na hili linafaa kwa maiki yoyote ya jina lolote, omba ichomekwe. Ongea "moja mbili, moja mbili" kwa sauti ileile bila kuacha, huku unaizungusha maiki taratibu mbele ya mdomo, uso, ubavu, mkia. Kwenye kadioidi ya kweli ukifika mkiani sauti yako inadidimia kabisa. Kuna feki ambazo mkiani zinasikia karibu sawa na mbele, na hapo ndo utajua kwanini zinalia. Alafu sugua mwili wake na vidole, badilisha mkono, usikie kama ule mkwaruzo unaingia spika. Ukiingia sana iache, utaimba jioni nzima na mkwaruzo.

Kama hela haitoshi, usinunue jina la feki. Nunua maiki ya kweli ya bei ya chini. XM8500 ya kweli itakuheshimisha kuliko SM58 ya uongo, na mimi nimefunga misa na harusi nyingi na maiki za daraja hilo, spika zimepangwa vizuri, na hakuna aliyelalamika.

Hatua ya 6: Swichi na waya

Swichi ya kuzima, MC sawa, anaihitaji. Mwimbaji nunua isiyo na swichi, mana kidole kinateleza katikati ya beti ya kwanza na fundi huku anahangaika kutafuta waya uliokatika.

Waya uwe XLR kwa XLR, yani ile plagi ya duara ya pini tatu pande zote mbili. Zile nyaya za bure zenye XLR upande mmoja na jeki upande wa pili ndo zinazoleta mvumo wa umeme, hasa ukiwa na jenereta na waya mrefu, kwasababu XLR kamili inabeba sauti kwenye pini mbili zinazopingana, ya 2 na ya 3, na kelele iliyoingia njiani kwenye nyaya zote mbili inafutana ikifika kwenye miksa. Ya 1 ni ya ardhi (graundi). Na kama miksa ina volti 48 imewashwa kwa ajili ya kondensa ya mtu mwingine, dainamiki yako yenye XLR nzima kwa XLR haidhuriki, ila waya uliochanganywa au wenye shoti unaweza kuiumiza. Ukinunua maiki ya laki mbili alafu waya wa elfu tano umeirudisha palepale.

Hatua ya 7: Ikifika ukumbini

Mwambie fundi akate besi za chini kwenye chaneli yako, kuanzia hezi 80 au 100 kushuka, kile kitufe kipo kwenye miksa nyingi, kinaondoa upepo na vishindo vya kushika. Imba sehemu yako ya juu kabisa wakati wa kupima, siyo ile ya kunong'ona. Muoneshe patani ya maiki yako na muombe apange monita kufuata hiyo, fundi anayeijua kazi atafurahi kukusikia.

Usafi basi. Fungua wavu kila baada ya shoo kadhaa, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, sugua na mswaki mlaini, lipstiki na vumbi vyote vinatoka. Wavu tu na sponji yake, kepsuli isiguse maji kabisa. Uanike mpaka sponji ikauke ndani na nje, na Arusha ya mwezi wa sita na wa saba jua hakuna, kwahiyo oshea Jumatatu kama unaimba Jumamosi.